Unabii wa Biblia: kabla ya kuuliza "lini", tuulize walioambiwa kwanza walitakiwa wafanye nini

Shalom wapendwa.

Kila vita kubwa inapozuka Mashariki ya Kati, kila ugonjwa mpya unapovuka mipaka, simu zetu hujaa ujumbe ule ule: unabii unatimia, jiandae. Zinakuja ramani zenye mishale, majina ya marais, hesabu za miaka. Baada ya muda vita inatulia, ramani inasahaulika, inachorwa nyingine. Waumini wanaumia hapa kwa njia mbili. Wapo wanaoishi kwa hofu, wanajiuliza kama kuna maana ya kusoma, kuoa au kuzaa. Na wapo waliochoka kabisa, ambao ukiwatajia Danieli au Ufunuo wanafunga Biblia kwa sababu wameshaahidiwa tarehe nyingi zilizopita bure. Wote hao wamenyang'anywa sehemu kubwa ya Neno la Mungu, na hilo linaniuma.

Hoja yangu ni hii. Unabii ulisemwa kwa watu halisi, waliokuwa na shida zao, na ukawadai wafanye jambo fulani wakiwa hai. Tukipita kwao ndipo tunapousikia ukisema na sisi. Tukiwaruka, tukachukua mistari na kuibandika juu ya taarifa ya habari ya jioni, tunachobaki nacho ni ubashiri wetu wenyewe tuliouvika Maandiko. Petro alishatuonya kwamba hakuna unabii katika Maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu (2 Petro 1:20).

Nianze na Yeremia, kwa sababu kwake swali la "lini" liliulizwa hadharani na likajibiwa mara mbili, kwa majibu yanayopingana.

Mwaka 597 KK Nebukadneza aliwapeleka Babeli mfalme Yekonia, wakuu na mafundi. Hekalu lilikuwa bado limesimama, na kila mtu Yerusalemu alitaka kujua mateka watarudi lini. Nabii Hanania akasimama ndani ya hekalu, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, na mateka pamoja navyo. Akaivua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Yeremia hakumkebehi. Alisema Amina, Bwana na atende hivyo. Kisha Bwana akamrudisha na neno jingine: umevunja nira ya mti, itafuata ya chuma. Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba (Yeremia 28).

Sasa soma barua ya sura ya 29 ukiwa umekumbuka hayo. Yeremia anawaandikia mateka kwamba ni miaka 70. Na hapo hapo anawaambia wafanye nini: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe, wazae, wautakie amani mji ule waliopelekwa na kuuombea kwa Bwana. Tazama tofauti. Miaka miwili ya Hanania ilikuwa inawaambia wasifungue hata mizigo. Miaka 70 ya Yeremia ilikuwa inawaambia kwamba wengi wao watazikwa Babeli, kwa hiyo waishi Babeli kama watu wa Mungu. Namba ile haikutolewa ili wakae wakihesabu, ilitolewa ili waache kusubiri kwa uvivu na waanze kutii.

(Nakumbusha tu kwamba mstari tunaotumiana kila mwaka mpya, ule wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", ni aya ya 11 ya barua hii hii. Aya ya 10 ndiyo yenye miaka 70. Ahadi ile ni ya kweli kabisa, ila waliopewa kwanza waliambiwa katika pumzi hiyo hiyo kwamba wasubiri kuliko umri wao.)

Na unabii ulitimia. Babeli ilianguka mwaka 539 KK mikononi mwa Koreshi, mateka wakaruhusiwa kurudi, na hekalu lililobomolewa mwaka 586 KK likakamilika upya mwaka 516 KK. Wako wanaohesabu 70 kuanzia mwaka 609 KK hadi kuanguka kwa Babeli, wako wanaohesabu kutoka hekalu hadi hekalu. Kinachonigusa mimi zaidi ni Danieli. Sura ya 9 inasema alisoma vitabu, akatambua hesabu ya miaka ya Yeremia, akaona muda umekaribia. Akafanya nini? Alivaa magunia, akafunga, akatubu dhambi zake na za taifa lake. Huyo ndiye mtu aliyesoma unabii vizuri kuliko sisi wote, na matokeo ya kusoma kwake yalikuwa toba.

Mfano wa pili uko ndani ya maneno ya Yesu mwenyewe, na huu naomba tuutafakari bila haraka.

Katika Luka 21:20-21 Bwana anasema mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi, walio Uyahudi wakimbilie milimani, walio mjini watoke. Akili ya kivita ya nyakati zile ilikuwa kinyume chake: jeshi likija, unakimbilia ndani ya kuta. Yesu aliwapa wafuasi wake agizo la kufanya lisilofanana na la mtu mwingine yeyote. Mwaka 66 BK Wayahudi waliasi dhidi ya Rumi, na mwaka 70 BK Tito, jemadari wa Rumi, akauteka mji na hekalu likateketea. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anaandika kwamba Wakristo wa Yerusalemu walikuwa wameshaondoka na kwenda Pela, ng'ambo ya Yordani.

Upande mwingine kuna habari aliyoiandika Yosefo, Myahudi aliyeishi wakati wa vita ile. Anasema siku ya mwisho ya hekalu kulikuwa na nabii wa uongo aliyewatangazia watu wapande hekaluni, wakapokee ishara za wokovu. Watu wapatao 6,000, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa ua wa nje. Askari wa Rumi waliuchoma ukumbi ule, na hakuna aliyepona. Mji mmoja, vita moja, na watu wote wanaamini wanafuata neno la Mungu. Kundi moja lilipewa tahadhari na amri iliyo wazi, lingine likapewa muujiza wa tarehe.

Ndugu zangu, mambo hayo hayakuishia karne ya kwanza. Karne ya 2 Montano na wenzake huko Frigia walifundisha kwamba Yerusalemu mpya ungeshuka Pepuza. William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti wa Marekani, alichukua zile siku 2,300 za Danieli 8:14, akazihesabu kama miaka kuanzia 457 KK, na hatimaye wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao shambani bila kuvuna. Mhubiri wa redio Harold Camping alitangaza 21 Mei 2011, na watu walitoa akiba zao kugharimia mabango. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililohubiri mwisho wa dunia. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohubiriwa kwamba wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto wakiwemo. Kwa hiyo mtu asiniambie namna ya kusoma unabii ni mjadala wa wasomi.

Naacha nafasi kwa maswali, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

———

Naona michango imekuwa mingi, Mungu awabariki. Nachukua baadhi.

> Mtumishi, kwa maelezo yako unabii wote umeshatimia? Na Israeli kurudi mwaka 1948 je? Huo si unabii mbele ya macho yetu?

Hapana mpendwa, sijasema umetimia wote. Kurudi kwa Kristo, ufufuo wa wafu, hukumu, mbingu mpya na nchi mpya: haya ni mbele yetu, na Kanisa la mashariki na magharibi limeyakiri tangu mwanzo. Anayefuta haya amefuta imani.

Ila unabii mwingi wa Biblia una tabia ya kutimia kwa hatua. Chukua "chukizo la uharibifu" la Danieli. Mwaka 167 KK mfalme Antioko Epifane, aliyewatawala Wayahudi wakati huo, alilinajisi hekalu, na msomaji yeyote wa wakati huo angeona Danieli 8 na 11 mbele ya macho yake. Hekalu likatakaswa mwaka 164 KK. Lakini karibu miaka 200 baadaye Yesu analitaja chukizo hilo hilo kama jambo lijalo. Kwa hiyo kutimia mara moja hakukulimaliza neno lile. Yoeli ni vivyo hivyo: Petro siku ya Pentekoste alisema "jambo hili ni lile lililonenwa na nabii Yoeli", wakati jua halikuwa limegeuka giza kama Yoeli alivyosema. Kitu kimeanza, bado hakijafika mwisho wake. Mitume waliishi wakijua kwamba siku za mwisho zilishaanza tangu kufufuka kwa Bwana (Waebrania 1:2), nasi tuko ndani ya siku hizo hizo.

Kuhusu 1948: waumini wa kweli hawakubaliani, na nawaheshimu wa pande zote. Wapo wanaosoma Ezekieli 36 na 37 na kuona taifa la Kiyahudi likirudi katika nchi yake. Wapo wanaosema ahadi zote zimepata "Ndiyo" yake ndani ya Kristo, na kwamba mitume hawakuwahi kuwafundisha Mataifa kusubiri taifa la kisiasa. Mwelekeo wa kwanza ulipata nguvu sana katika karne ya 19 kwa mafundisho ya John Nelson Darby, ukasambaa zaidi kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Mimi nauelemea upande wa pili, ingawa Warumi 11 inanizuia kusema Mungu amemalizana na Israeli. Ninachokikataa kabisa ni hesabu. Watu walichukua 1948, wakaongeza miaka 40 ya "kizazi", wakapata 1988, na mwaka ule kuna kijitabu kilichosambazwa kwa wingi Marekani kikitaja unyakuo wa Septemba. Septemba ikapita.

Gogu na Magogu ndiyo shule nzuri zaidi hapa. Ambrosio katika karne ya 4 alisema Gogu ni Wagothi, kwa sababu ndio waliokuwa wakiivamia Rumi. Augustino akakataa kuwafunga Gogu na Magogu kwenye taifa moja la washenzi, akaona ni maadui wa Kanisa popote walipo duniani. Luther aliona Waturuki, kwa sababu walikuwa wakielekea Vienna. Karne ya 20 ikawa Urusi ya Kisovieti. Kila kizazi kilimkuta ndani ya Ezekieli adui wake wa wakati huo. Hapo msomaji makini anapaswa kushtuka.

> Mkuu naomba ufafanuzi wa chapa ya mnyama. Tumeambiwa chanjo, chipu, vitambulisho vya kidijitali. Mimi nimekataa kujiandikisha sehemu kadhaa kwa ajili ya hili, naogopa kupotea bila kujua.

Asante kwa kuuliza waziwazi, ndugu yangu, maana najua wengi wana hofu hii hawaisemi. Nitakujibu kwa urefu.

Ufunuo 1:4 inataja walioandikiwa: makanisa saba yaliyoko Asia. Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia. Ni miji halisi. Laodikia ilipigwa na tetemeko mwaka 60 BK ikajijenga upya kwa mali yake bila msaada wa Kaisari, halafu soma 3:17, "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu". Pergamo palikuwa na hekalu la kumwabudu Kaisari tangu 29 KK, Smirna tangu siku za Tiberio, na Efeso likajengwa jingine wakati wa Domitiani. Wanazuoni wengi wanaweka kuandikwa kwa Ufunuo mnamo 95 BK, wengine kabla ya 70 BK wakati wa Nero. Vyovyote iwavyo, wasikilizaji wa kwanza walikuwa wafanyabiashara, mafundi na watumwa waliobanwa na jambo moja: ukitaka kuingia kwenye chama cha mafundi na kuuza, utashiriki karamu za miungu na heshima ya Kaisari.

Tunajua jaribu lenyewe lilivyokuwa. Mnamo 112 BK Plinio, gavana wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano akieleza anavyowapima wanaoshtakiwa kuwa Wakristo. Anayekana huachiwa akiita miungu, akiitolea sanamu ya Kaisari uvumba na divai, na akimlaani Kristo. Plinio mwenyewe anasema amesikia kwamba Mkristo wa kweli halazimishiki kufanya hata moja kati ya hayo. Sasa linganisha na Ufunuo 14:9: mtu *akimsujudu* mnyama na sanamu yake, *na* kuipokea chapa. Viwili hivyo haviachani. Ni ibada inayofanywa kwa hiari na mtu anayejua anamkana nani. Kwa hiyo ile hofu ya kuipokea chapa bila kujua, kwa kuchomwa sindano au kupigwa picha ya kitambulisho, haitoki kwenye andiko hili.

Jambo jingine. Mgawanyo wa sura tunaoutumia uliwekwa mnamo karne ya 13. Yohana hakuweka mpaka kati ya 13 na 14. Ukiondoa namba ya sura, maneno ya 666 yanafuatwa moja kwa moja na Mwana-Kondoo akisimama juu ya mlima Sayuni pamoja na watu wenye jina lake na jina la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Chapa mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu. Wala hatuhubiri kwamba hiyo ya Mungu ni kitu cha kuchanjwa kwenye ngozi. Myahudi aliyesikia "mkono" na "kipaji cha uso" alikumbuka Kumbukumbu la Torati 6:8, amri za Mungu zifungwe mkononi na kati ya macho. Yaani kazi zako na mawazo yako ni mali ya nani?

Na 666? Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu. Jina Neroni Kaisari likiandikwa kwa herufi hizo linajumlisha 50+200+6+50+100+60+200, ambayo ni 666. Likiandikwa bila "n" ya mwisho linapungua 50 na kuwa 616, na nakala chache za kale za Ufunuo zina 616 kweli. Mimi naona hiyo ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi, japo Ireneo wa Lyon, aliyeandika mnamo 180 BK, hakuitaja. Yeye alijua majina kadhaa yanayotoa 666, akayaorodhesha, kisha akasema ni salama zaidi kungoja utimizo kuliko kukisia, na kwamba kama jina lingepaswa kutangazwa wazi wakati ule, Yohana mwenyewe angelitaja. Ireneo alimsikia Polikarpo wa Smirna akiwa kijana, na Polikarpo alichomwa moto kwa kukataa kusema Kaisari ni Bwana. Hawa walikuwa karibu na Yohana kuliko mhubiri yeyote wa leo, na hawakumpa mtu jina la kuogopa.

Je, basi andiko hili halituhusu? Linatuhusu sana, na hapa ndipo naomba tusijifiche nyuma ya chipu. Swali lake ni kama kuna kitu unachokisujudia ili uruhusiwe kununua na kuuza. Ukisaini hesabu za uongo ili usifukuzwe kazi. Ukitoa hongo ili upate zabuni. Ukimsifu mtawala kwa maneno yanayomfaa Mungu peke yake kwa sababu tumbo lako liko mikononi mwake. Mtu anaweza kukimbia kila kitambulisho duniani na bado akawa amesalimu amri katika haya. Soma pia bidhaa za Babeli katika Ufunuo 18:12-13: dhahabu, lulu, hariri, pembe, divai, ngano, farasi, na mwisho kabisa wa orodha, miili na roho za wanadamu. Yohana aliiona biashara inayomweka binadamu mwisho wa orodha ya mali. Sauti ya 18:4, "Tokeni kwake, enyi watu wangu", ina kazi kubwa leo.

> Umesema sana juu ya tarehe zilizokosewa, lakini nani atutie moyo kwamba unabii wa Biblia ni wa kweli? Wasioamini wanasema uliandikwa baada ya matukio.

Hili ni swali zuri na jibu lake zuri zaidi ni Kristo. Mwaka 1947 yalipogunduliwa magombo ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, mojawapo lilikuwa la Isaya, karibu zima, lililonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Bethlehemu. Sura ya 53 imo: aliyedharauliwa, aliyejeruhiwa kwa makosa yetu, aliyenyamaza kama mwana-kondoo, ambaye kaburi lake lilikuwa pamoja na tajiri, na ambaye baada ya hayo ataongeza siku zake. Hakuna anayeweza kusema Wakristo waliiandika. Towashi wa Kushi alipoisoma garini akauliza nabii anasema habari za nani, Filipo akaanzia pale pale kumhubiri Yesu (Matendo 8).

Nikuongezee jambo. Mathayo 2:15 inanukuu Hosea 11:1, "Kutoka Misri nalimwita mwanangu." Ukienda kwa Hosea utakuta anazungumzia Israeli kutoka utumwani, tena kwa majonzi, kwa sababu mwana huyo aliasi. Mathayo hakukosea kusoma. Anatuonyesha kwamba historia nzima ya Israeli ilikuwa na umbo ambalo Yesu aliliingia na kulikamilisha: alishuka Misri, akatoka, akapita majini, akakaa jangwani, na pale mwana wa kwanza alipoanguka, yeye akasimama. Huo ndio usomaji wa mitume, na una uzito kuliko kulinganisha mstari mmoja na tukio moja. Ufunuo 19:10 inasema ushuhuda wa Yesu ndio roho ya unabii. Mhubiri akinihubiria unabii saa nzima, nikatoka nikiwa namjua vizuri zaidi mpinga Kristo kuliko Kristo, najua kuna kitu kimekwenda kombo.

> Vipi kuhusu manabii wa sasa? Roho bado anasema, au unataka kumzimisha?

Dada yangu, sitaki kumzimisha. Paulo ameweka pamoja: msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema (1 Wathesalonike 5:19-21). Kujaribu ni amri sawa na kutotweza. Torati ina vipimo viwili. Kumbukumbu la Torati 18: lisipotokea, Bwana hakusema. Na cha pili, ambacho tunakisahau, sura ya 13: hata ishara ikitokea kweli, kama inakuvuta kwa miungu mingine, usimsikilize. Nabii anaweza kutaja namba yako ya simu na jina la mama yako na bado akawa anakupeleka kubaya. Mika 3:11 anaongeza cha tatu: manabii wanaobashiri kwa fedha. Kama neno la Bwana lina malipo ya awali, ondoka.

Ila pia kuna Yona. Alitangaza siku 40 na Ninawi itaangamizwa. Haikuangamizwa, na hakuwa nabii wa uongo. Yeremia 18:7-8 inaeleza kwa nini: taifa likigeuka, Mungu huyaghairi mabaya aliyotaka kulitenda. Onyo lilitolewa ili lisitokee.

> Kama hatujui tarehe, basi kujua mwisho kuna faida gani kwa muumini wa kawaida?

Wathesalonike waliuliza karibu hilo hilo. Walikuwa wamefiwa, na Paulo akawaandikia juu ya parapanda na ufufuo, akamaliza kwa kusema "farijianeni kwa maneno hayo" (4:18). Aliandika kwa ajili ya msiba. Baadaye mtu akawatia hofu kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na wengine wakaacha kazi. Paulo akawaandikia tena wasifadhaike, na asiyetaka kufanya kazi, asile. Faraja kwa waliofiwa, kazi kwa waliokata tamaa ya dunia: hayo ndiyo matunda aliyoyataka kutoka kwenye mafundisho ya mwisho.

Na Bwana mwenyewe. Katika Mathayo 24 wanafunzi wanauliza "lini?" Anawaambia siku ile hakuna aijuaye, halafu anaendelea kusema kwa sura nzima nyingine: mtumwa aliyewapa watumwa wenzake chakula kwa wakati wake, wanawali na mafuta, talanta, na mwisho wenye njaa, wageni, wagonjwa, wafungwa. Sisi tumeichapa sura ya 24 kwenye mabango na kuiacha ya 25, wakati ni jibu moja.

> Danieli 9, majuma 70, umeyakwepa.

Sijayakwepa mkuu, yanahitaji uzi wake. Kwa ufupi: karibu wote wanakubali "juma" ni miaka saba, yaani jumla 490. Mgogoro uko kwenye mwanzo wa kuhesabu, na kama juma la 70 lilifuatana na la 69 au limesukumwa hadi mwisho wa dunia. Mimi naona hakuna pengo katika andiko, na kwamba "masihi atakatiliwa mbali" ni msalaba. Nitaleta hesabu zote tatu zinazojulikana, pamoja na udhaifu wa kila moja, ukiwemo wa hiyo ninayoishika.

> Sisi ni kikundi cha vijana, tunataka kuanza kusoma Ufunuo lakini tunaogopa kupotea. Tuanzie wapi?

Someni kitabu kizima kwa sauti siku moja, kwa kupokezana, kabla ya kufafanua chochote. Inachukua kama saa moja na nusu, na ndivyo kilivyokusudiwa: 1:3 inambariki asomaye na wao wanaosikia na kuyashika. Siku hiyo msibishane, andikeni tu kila mahali mnaposikia nyimbo za sifa na kila mahali anapotajwa Mwana-Kondoo. Wiki zinazofuata kaeni na barua saba, kanisa moja kwa kila kikao, na kila mara ulizeni walioipokea walitakiwa watubu nini au washike nini. Mkifika sura ya 4 someni Kutoka, Ezekieli 1 na Danieli 7 sambamba, maana picha nyingi za Yohana zimetoka huko. Mkikwama kwenye picha fulani, wekeni alama, songeni mbele. Na mkishamaliza barua saba rudini hapa mtuambie mmekuta nini Smirna na Filadelfia, yale makanisa mawili ambayo Bwana hakuyakemea.

Mwenye swali jingine aweke, nitapitia kesho jioni.